Haki ya Kiungo Kinyonge: Misuli Iliyosahauliwa ya Mkimbiaji wa Makamo

Misuli iliyosahauliwa ni ile inayofanya kazi katika kila hatua ya mkimbiaji pasipo yeye kuitambua wala kuipangia zoezi. Miongoni mwake ni misuli ya pembeni mwa makalio, inayozuia nyonga kulala upande. Msuli wa ndani wa kigimbi, uliofichwa chini ya ule unaoonekana. Misuli midogo ya wayo. Msuli wa mbele ya muundi. Na misuli ya ndani ya kiwiliwili, inayozunguka tumbo na kiuno. Anayejiandaa kwa marathoni, yaani kilomita 42.195, hufikiria zaidi mapaja, pumzi na moyo, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyochoka waziwazi. Misuli iliyosahauliwa huchoka kimyakimya. Inaposhindwa, malalamiko hutolewa na jirani yake: goti, kisigino au mfupa wa muundi.

Hapo ndipo jambo la mazoezi linapogeuka kuwa swali la falsafa na dini. Je, mtu anadaiwa chochote na sehemu ya mwili wake ambayo bado haijalalamika? Wajibu wa kuitunza huanza inapouma, au unakuwepo hata pasipo maumivu? Tena, kama wajibu huo upo, unatoka wapi, na kipimo chake ni nini?

Kabla ya kujibu, ni lazima kueleza kazi yenyewe. Kukimbia ni kusimama kwa mguu mmoja mara nyingi mfululizo. Anayetembea huwa na angalau mguu mmoja ardhini wakati wote. Anayekimbia huwa hewani kwa kitambo, kisha mwili mzima hupokelewa na mguu mmoja kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70, huo ni mzigo wa kilo 140 hadi 210, na katika marathoni hurudiwa zaidi ya mara elfu thelathini. Misuli ya pembeni mwa makalio ikiwa dhaifu, nyonga ya upande wa pili hushuka, paja huingia ndani na goti huvutwa nje ya mstari wake. Msuli wa ndani wa kigimbi hubeba zaidi: katika mbio huzalisha nguvu inayokadiriwa kufikia mara sita ya uzito wa mwili au kuzidi hapo. Ukichoka, mzigo wake huhamia kwenye kano ya kisigino na kwenye mfupa wa muundi. Kwa hiyo mahali panapouma mara nyingi si mahali palipokosea.

Umri wa makamo huongeza uzito wa jambo hili. Kuanzia miaka ya thelathini, mwili usiofanyishwa mazoezi ya nguvu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Nyuzi zinazopotea zaidi ni zile za haraka, ambazo ndizo humsaidia mtu kujizuia asianguke anapojikwaa. Mwanamke anapokoma hedhi, homoni zinazolinda mifupa hupungua na mifupa hupoteza uimara. Jambo la hila zaidi ni kwamba sehemu za mwili hazijengeki kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Mtu wa miaka 45 aliyeanza kukimbia mwezi wa kwanza hujisikia mwepesi mwezi wa tatu, akaongeza kilomita kwa kufuata pumzi yake, na miguu ikamwangusha kabla haijamaliza kujijenga.

Hata hivyo umri huo haujafunga mlango. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee kumi wenye umri wa miaka tisini hivi, wakaao katika nyumba ya kutunzia wazee, waliofanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Katika mbio zenyewe, Mkenya Mark Kiptoo alikimbia marathoni ya Frankfurt mwaka 2018 kwa saa 2:07:50 akiwa na miaka 42. Mwethiopia Kenenisa Bekele, aliyesumbuliwa kwa miaka mingi na majeraha ya kigimbi, alishika nafasi ya pili London mwaka 2024 akiwa na miaka 41. Msuli wa mtu mzima bado hufundishika, ila haujifundishi wenyewe.

Mkoa wa Simiyu unafaa kupimia swali hili, maana huko mwili ndio mtaji wa watu wengi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, na una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe. Anayetaka kukimbia mjini Bariadi ana njia mbili. Ya kwanza ni lami inayotoka Mwigumbi, kupitia Maswa na Bariadi, hadi Lamadi. Ni ngumu, na ukingo wake huinamia mtaroni, kiasi kwamba akimbiaye upande mmoja tu huulemeza mguu mmoja kuliko mwenzake. Ya pili ni njia za udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua hunata kwenye viatu hadi mguu ukawa mzito kama jembe, na kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kupindua kifundo cha mguu. Lami hudai kigimbi chenye stahamala, na mbuga hudai wayo na kifundo vinavyojua kujirekebisha.

Huko Simiyu hutokea pingamizi la kwanza. Mtu anayelima kwa jembe la mkono, anayekwenda na ng'ombe kutwa nzima, au anayebeba ndoo ya maji kichwani, ana haja gani ya mazoezi ya nguvu? Pingamizi hili lina ukweli. Kubeba maji kichwani hufundisha shingo na mgongo kusimama wima, na kutembea peku hujenga wayo. Lakini kazi huimarisha kile inachokitumia na kuacha kile isichokihitaji. Mkulima apaliliaye huinama miguu yote miwili ikiwa ardhini. Misuli ya pembeni mwa nyonga haibebi mwili peke yake kwa saa nyingi. Isitoshe, watu wa makamo wa Bariadi wa leo si wakulima tu. Wamo karani wa halmashauri, mwalimu, mwendesha bodaboda na muuza duka, ambao hukaa kutwa nzima, makalio yao yakiwa mto wa kukalia badala ya misuli ya kufanyia kazi. Mkulima na karani wote wawili wana misuli iliyosahauliwa. Kila mmoja ana yake.

Jibu la kwanza kwa swali la wajibu hutolewa na busara ya kawaida: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya mazoezi mara mbili kwa wiki ni nafuu kuliko miezi mitatu ya kuchechemea. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kuwa msingi wa wajibu, kwa sababu ni hoja ya hesabu. Aliye tayari kulipa gharama ya ukuta anaweza kusema ufa ni wake na nyumba ni yake. Kama mwili ni mali ya mtu binafsi, mwenye kuupuuza atakuwa amekosa akili tu, hajamkosea yeyote.

Maisha ya Itilima au Meatu huonyesha udhaifu wa dhana hiyo ya umiliki. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, kuelekea mwisho wa mwaka, na palizi haingoji. Mzazi aliyeumia goti katika mbio za kujifurahisha akashindwa kushika jembe, palizi yake huhamia kwa mwenzi wake, kwa watoto na kwa majirani. Vivyo hivyo ndani ya mwili: nyonga ikilegea, goti hufanya kazi isiyo yake. Udhaifu haubaki pale ulipo. Humwelemea aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu hakuulizwa. Kwa hiyo kumpuuza aliye kimya si hasara ya mwenye mwili peke yake, bali ni kumtwika mwingine bila ridhaa yake. Hapo jambo limetoka kwenye hesabu limeingia kwenye haki.

Mapokeo ya dini yaliyopo Simiyu yanaunga mkono mwelekeo huo, kila moja kwa njia yake. Katika imani ya jadi ya Wasukuma, ugonjwa unaweza kuwa dalili kwamba masamva, yaani mizimu ya wahenga, wamesahauliwa. Mfumu, mpiga ramli, haishii pale panapouma. Hutafuta uhusiano gani umepuuzwa. Tiba ya kisasa haikubaliani naye kuhusu chanzo, na maumivu ya goti hayaponi kwa tambiko. Lakini umbo la fikra hiyo linastahili kuzingatiwa: maumivu huelekeza kidole kwingine, na kinachopaswa kurekebishwa ni kile kilichosahauliwa. Daktari wa fiziotherapia anayepima nguvu ya nyonga ya mgonjwa aliyekuja na malalamiko ya goti huanza kwa swali linalofanana, ingawa majibu yake huyapata kwa vipimo.

Ukristo una andiko linalogusa jambo hili moja kwa moja. Korintho ulikuwa mji jirani na Isthmia, mahali palipofanyika mashindano ya michezo kila baada ya miaka miwili, na Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa mji huo katikati ya karne ya kwanza alitumia mifano ya uwanjani. Katika sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza anazungumzia wapiga mbio na kuutiisha mwili. Katika sura ya 12 anasema viungo vinavyoonekana vinyonge ndivyo vya lazima zaidi, na vile visivyo na heshima hupewa heshima zaidi. Paulo alikuwa akizungumza juu ya kanisa, na mwili ulikuwa kielelezo tu. Lakini kielelezo kina nguvu kwa kuwa ni kweli kwanza katika chenyewe. Fikra yake inatofautiana na ngano ya kale ya Roma, inayosimuliwa kuwa Menenius Agrippa aliwaambia watu wa tabaka la chini waliogoma mwaka 494 kabla ya Kristo, ya viungo vilivyolikasirikia tumbo. Ngano ile iliwataka wanyonge waendelee kumtumikia mkubwa. Paulo aligeuza uzito: mwenye nguvu ndiye anayepaswa kumwangalia mnyonge. Zikisomwa pamoja, sura hizo mbili hutoa mafundisho yanayokamilishana. Ya tisa hukataza uvivu, na ya kumi na mbili hukataza nidhamu inayowapa mazoezi viungo vyenye sifa peke yake.

Uislamu nao huuweka mwili katika mlango wa amana. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad alimkataza Abdallah bin Amr kufunga kila siku na kuswali usiku kucha, akimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mke wake ana haki. Neno la msingi ni haki. Hakusema tu kwamba kukesha kutamchosha. Alisema kuna mdai. Zaidi ya hayo, haki ya mwili imetajwa sambamba na haki ya mke, kana kwamba kuidhulumu moja ni jirani ya kuidhulumu nyingine. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliongeza mpaka wa haki hiyo: mwili kwa roho ni kama ngamia kwa msafiri wa Makka. Msafiri asiyemlisha hatafika, na anayeshinda akimlisha na kumpamba, msafara utamwacha.

Mpaka huo unajibu pingamizi la pili, kwamba marathoni ya mtu wa makamo ni majivuno. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, unasema mazoezi ya mwili yana faida kidogo yakilinganishwa na utauwa. Kidogo si sifuri. Aristoteli, katika kitabu cha pili cha maadili yake, alishaeleza kwamba nguvu ya mwili huharibiwa na mazoezi yaliyozidi na pia na yaliyopungua. Katika suala hili mazoezi ya misuli iliyosahauliwa yana nafasi ya pekee. Hayana watazamaji. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kunyanyua visigino ukutani, wala hakuna medali ya nyonga imara. Kama majivuno ni kutafuta sifa, basi sehemu hii ya maandalizi ndiyo iliyo mbali nayo kuliko zote.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka kwenye fadhila: mkimbiaji halisi hujikaza. Watanzania wana mfano mkubwa. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, akaumia goti na bega, lakini akaendelea. Alimaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Heshima anayopewa ni ya haki. Lakini subira yake ilihusu ajali iliyokwisha kutokea, katika shindano moja aliloliwakilishia taifa. Kuifanya kuwa kanuni ya mazoezi ya kila wiki ni kuchanganya mambo mawili. Subira ni kupokea kwa ushujaa lile lisiloweza kuepukika. Anayekimbia na maumivu ya muundi wiki baada ya wiki, huku akijua kinachoyasababisha na akiwa na nafasi ya kukirekebisha, hasubiri. Anakataa kuwajibika na kukataa huko kumevaa nguo za ushujaa. Mdharau mwiba, wahenga walisema, guu huota tende.

Je, mazoezi hayo huzuia majeraha kweli? Ushahidi upo, ila haulingani. Mwaka 2014 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio 25 yenye washiriki zaidi ya 26,000. Mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha hadi chini ya theluthi moja. Wengi wa washiriki hao hawakuwa wakimbiaji wa marathoni. Mwaka 2020 watafiti wa São Paulo walieleza jaribio la wakimbiaji 118: waliofundishwa kuimarisha misuli ya wayo waliumia kwa uchache zaidi ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya wakimbiaji 720 waliojiandaa kwa marathoni yao ya kwanza mjini New York. Waliopewa dakika kumi za mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki, wajifanyie wenyewe, hawakupata nafuu ya maana kuliko wenzao.

Tofauti hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, wajibu hauhitaji uhakika wa matokeo. Mwenye amana huulizwa alitunza vipi, si kama hakupatwa na baya lolote. Pili, kile mtu anachokisahau ni vigumu kukikumbuka akiwa peke yake. Jaribio la São Paulo lilianza kwa wiki nane chini ya msimamizi, na lile la New York lilimwachia kila mtu nafsi yake. Usukuma unalijua jambo hili kwa kazi: vijana walilima mashamba kwa vikundi chini ya kiongozi wao, na ngoma ya bugobogobo ilifanya majembe yote yashuke kwa mapigo mamoja. Kikundi cha jogingi kinachotenga siku mbili za mazoezi ya nguvu kinafanya kazi hiyohiyo ya kumkumbusha mtu kile ambacho macho yake hayakioni.

Kwa vitendo, mambo yanayohitajika ni machache na hayadai chumba cha mashine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa kigimbi, kunyanyua visigino, kwanza kwa miguu yote, kisha kwa mmoja. Goti likikunjwa kidogo, msuli wa ndani hufanya kazi zaidi. Kwa pembeni mwa nyonga, kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, na kushuka polepole kwa mguu mmoja kutoka kwenye kidato huku goti likitazama mbele. Kwa makalio, kulala chali na kuinua kiuno. Kwa kiwiliwili, kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu bila mgongo kubonyea. Kwa wayo, kusimama kwa mguu mmoja peku na kukusanya kitambaa kwa vidole. Mwili unapozoea, uzito huongezwa kwa ndoo ya maji au kiroba cha mchanga, kwa sababu msuli usioongezewa mzigo hauongezi nguvu.

Kalenda ya Simiyu husaidia kupanga. Miezi ya kiangazi baada ya kuuza pamba ndiyo ya kujenga nguvu kwa uzito, na wakati wa palizi mkulima hupunguza kilomita na kubakiza mazoezi mepesi ya nyonga, maana mgongo wake tayari uko kazini. Maumivu madogo ya misuli yanayoisha ndani ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa yanayosikika kwenye nukta moja, au yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia, ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali.

Kutokana na hayo, majibu ya maswali matatu yanapatikana. Wajibu huanza kabla ya maumivu, kwa kuwa kiungo kinyonge hakina njia ya kudai zaidi ya kumlemeza jirani yake, na akishalemewa jirani, dhuluma imekwisha kufanyika. Wajibu huo hutokana na ukweli kwamba mwili si mali ya mwenye nao peke yake: ni amana kwa muumini, na hata kwa asiyeamini ni nguzo ya nyumba inayotegemewa na wengine. Kipimo chake ni kile kinachotosha kumwezesha mtu kufanya kazi zake na kukimbia mbio zake bila kukidhulumu kiungo chochote, wala kuzidi hapo hadi mwili ukawa ndio safari yenyewe.